Shibiri Moja ya Mkanda

Tanga, 9 Aprili 1968

Dada yangu mpenzi Bi Kazija,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa penye cherehani yako dirishani, na ule mgongo uwe umekupa nafasi. Sisi hapa hatujambo. Mke wangu Sichana anakusalimu sana. Mimba yake inaingia mwezi wa saba, na kila kitu kinamnukia vibaya isipokuwa ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua. Mama nimempelekea sukari na kitambaa cha buibui kwa mkono wa mtu wa Kiwengwa aliyekuja kununua nyavu. Ukisikia vimefika niarifu.

Baada ya hayo, nnalo jambo la kazi. Wiki iliyopita tumepokea filamu kutoka huko Unguja. Ni ile ya vita vikubwa vya Wazungu, mji unapigwa mabomu na watoto wanahamishwa kupelekwa mashamba. Kamati ya filamu ya huko ilikata kipande kimoja. Hilo si la ajabu, kila mji una kamati yake. Lakini desturi ya kazi yetu ni kuwa kilichokatwa hakitupwi. Hutiwa katika kopo dogo, kikaandikwa karatasi, kikafuatana na filamu, ili mwisho wa safari mkanda urudi kwa wenyewe Dar es Salaam mzima kama ulivyotoka.

Kopo limefika. Karatasi imefika pia: "Kituo cha gari moshi, watoto wanaagana na mama zao, dakika tatu na nusu." Nikatia saini ya kupokea. Nilipofungua kopo, ndani hamna filamu. Mna utepe wa kitambaa wa kupindia nguo, umezungushwa vizuri mpaka kopo limejaa, na mwisho wake umefungwa mafundo mawili.

Kosa langu ni kutia saini kabla ya kufungua. Bwana Bakar, meneja wetu, amesema wenye filamu wanaitaka mwisho wa mwezi wa sita, na kipande kisipoonekana ufunguo wa chumba cha mashine atampa mtu mwingine. Hasemi kwa hasira. Kwake mambo ndivyo yalivyo.

Nakuomba umwendee Mmanga, fundi mwenzangu wa hapo sinema, umuulize. Mimi sijui ni nani Unguja nzima anayezungusha utepe namna ile na kuufunga mafundo mawili. Labda Mmanga anajua.

Nduguyo,
Msabah


Mkunazini, Unguja, 2 Mei 1968

Mdogo wangu Msabah,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, ikanifikia siku nilipokuwa naanua nguo mvua inakuja, wino wako ukaenea kwa maji, nami nimeisoma hivyo hivyo. Sukari imefika Kiwengwa, na kitambaa. Mama anasema kitambaa kizuri lakini kingekuwa kizuri zaidi kingeletwa na mwenyewe. Nakuandikia kama alivyosema. Bado anapiga makumbi na kusokota kamba, na anasikia vizuri kila asichotakiwa kusikia. Mwambie Sichana asile ule udongo, aunuse tu.

Kuhusu filamu. Sikukwambia, lakini tangu mwaka jana nimewekwa katika hiyo kamati. Walitaka mwanamke mmoja, na mwalimu wa ushoni hana maneno mengi. Tuko watano. Tunakaa asubuhi ndani ya sinema tupu, feni hazijawashwa, na mzee mmoja hulala tangu mwanzo kisha akakubaliana na wote. Mwenyekiti wetu ni Bwana Borafya, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Si mtu mbaya. Hubeba kashata mfukoni akatugawia.

Filamu ile tuliitazama tangu mwanzo. Walipofika pale kituoni, watoto wamefungwa vijikaratasi vya majina shingoni kama mizigo, na mama zao nyuma ya kamba, Bwana Borafya akamwambia Mmanga asimamishe mashine. Akatugeukia akasema, "Hapa watu watalia. Na mtu akilia gizani, utajua anamlilia nani?"

Wewe unaujua mji huu, na unajua ni nyumba ngapi zina mtu aliyeondoka. Akauliza nani anakubali pakatwe. Nikanyanyua mkono pamoja na wenzangu.

Siku ya kuonyeshwa, watoto wakatokea mashamba ghafla na mabegi yao. Mtu mmoja mbele akapiga kelele, "Mmanga, hawa wamekujaje?" Mwingine akamjibu, "Wamepanda gari ya Makunduchi." Watu walicheka, Msabah, mpaka wengine wakafuta machozi. Hapa kwetu imekuwa filamu ya kuchekesha.

Mmanga nshamuuliza. Anasema alikata yeye mwenyewe kwa wembe, akatia katika kopo, na kopo likawekwa kwa mjumbe mmoja wa kamati mpaka siku ya safari, kwa kuwa ndiyo kanuni, isije ikaonyeshwa kwa siri. Siku ya safari akalichukua, likawa zito kama lilivyokuwa. Hakulifungua.

Nitaangalia nitakalofanya.

Dadako,
Kazija


Tanga, 20 Mei 1968

Dada yangu Bi Kazija,

Shikamoo. Sisi wazima. Sichana ameuacha udongo, sasa anataka embe mbichi na hakuna. Mwambie Mama nimelisikia neno lake.

Nimekuelewa uliyoniandikia, na yale usiyoniandikia sikuulizi. Barua hupita mikono mingi. Huyo mjumbe mmoja wa kamati sitaki kumjua jina. Ukimwona, mwambie hivi tu: mimi nimekaa katika chumba kile cha mashine miaka minne. Nilipofika Tanga sikuwa na kazi wala uso wa kumtazama mtu, nikapewa chumba chenye giza na kijitundu cha kuchungulia, na kilinifaa. Sasa nitakuwa na mtoto. Sijui kazi nyingine.

Filamu tumeionyesha bila kipande. Hapa hawakucheka. Mwanamke mmoja alimuuliza Bwana Bakar kama watoto wale ni mayatima, maana hakuwaona mama zao. Bwana Bakar akamwambia ndiyo, ni mayatima, ili amalize maneno.

Nimebaki na wiki sita.

Nduguyo,
Msabah


Unguja, 11 Juni 1968

Mdogo wangu Msabah,

Marahaba. Mama hajambo. Mimi hajambo yangu ni nusu, mafua ya kipupwe. Wanafunzi wangu wameshona sare za watoto wa shule na mikono ya mashati sita ikatoka upande mmoja, tukacheka, tukafumua.

Huyu anayekuletea barua ni Machano, mfanyakazi wa melini, jirani yetu wa zamani. Na huo mfuko wa kitambaa alionao ni wa Bwana Bakar. Ndani mna kipande chenu.

Mjumbe ni mimi, kama ulivyojua tangu ulipoliona lile fundo. Kopo liliwekwa kwangu kwa kuwa nyumba yangu iko karibu. Utanicheka, lakini nilidhani kitu kikishakatazwa hakina mwenyewe tena. Sikujua kama hurudishwa. Nilidhani makopo huhesabiwa tu, hayafunguliwi, ndiyo nikajaza ule utepe ili uzito usipungue. Sikujua kwamba filamu itafikia mikononi mwako. Ningelijua, nisingelitia mkono.

Utataka kujua nilikitakia nini. Nilikuwa nakitazama asubuhi, kabla wanafunzi hawajaja. Nakivuta kidogo kidogo mbele ya dirisha, kwa kile kioo cha kukuzia alichokuwa akisomea msahafu marehemu mkwe wangu. Katika kituo kile kuna mtoto wa kike, wa nne kutoka mwisho. Kavaa koti refu, nywele zake na rangi yake ni za kwao, hafanani na mtu yeyote. Lakini anasimama kwa mguu mmoja na kujikuna kwa mguu wa pili. Unajua nani alikuwa akisimama vile.

Mwanangu Wanu hakupigwa picha hata siku moja. Tulikuwa tumesema sikukuu ile tutampeleka kwa mpiga picha, na gauni lilikuwa limebaki vifungo.

Basi. Muunge mkanda wenu, na Bwana Bakar mwambie alikosea mwanamke mmoja asiyejua kanuni za sinema. Ni kweli.

Dadako,
Kazija


Tanga, 3 Julai 1968

Dada yangu,

Shikamoo. Kwanza nikupe habari njema: Sichana amejifungua mtoto wa kike, tarehe ishirini na tano, kabla ya siku zake kidogo, na wote wawili wazima. Tumemwita Tabia, jina la bibi yake wa kwao. Sichana alitaka tumwite jina jingine, nikamwambia jina lile lina mwenyewe.

Kazi nnayo. Filamu imeondoka. Bwana Bakar alinitazama tu, akaniachia ufunguo.

Nitakueleza nilivyounga, kwa kuwa ulinilea wewe na hukupata kuiona kazi yangu. Unakwangua ncha mbili kwa wembe mpaka utando wa juu unatoka, unapaka gundi, unabana, unahesabu mpaka ishirini. Kila ukiunga, inaliwa picha moja. Hiyo ni kawaida, na jicho halijui, kwa kuwa sekunde moja ina picha ishirini na nne.

Lakini katikati ya kipande nilikuta pengine pamekatwa. Mmanga hukata kwa wembe, moja kwa moja, baina ya picha na picha. Hapa pamekatwa kwa mkasi wa nguo, upande upande. Nimepima kwa nilivyoona paliporuka: picha kumi na moja hazipo. Kama shibiri moja hivi. Mtoto wa nne kutoka mwisho ananyanyua mguu kupanda, halafu ghafla keshakuwa ndani.

Nimeunga nikanyamaza. Niliupitisha mkanda mara moja peke yangu kabla ya kuufunga. Pale panaruka, kama mtu anapopepesa. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi.

Sikudai. Nataka tu kujua katika shibiri ile mna nini.

Nduguyo,
Msabah


Unguja, 4 Agosti 1968

Mdogo wangu Msabah,

Marahaba, na hongera, Mungu amkuze Tabia. Nimemshonea kofia na mablauzi matatu, makubwa kidogo, watoto hawangoji. Mama alipopata habari aliiacha kamba akaenda kuambia watu mlango kwa mlango, kisha akarudi akanuna kwa kuwa wewe huji.

Umeniuliza. Mna mtoto anageuka nyuma. Ananyanyua mguu kupanda, anasita, anageuza shingo kumtazama mama yake, kisha anapanda. Ni hayo tu.

Nitakwambia jambo ambalo kwa miaka minne sikumwambia mtu. Asubuhi ile ya Januari, milio ya bunduki imetulia kidogo, na wewe umekuja kusema umepata lori la kwenda upande wa Kiwengwa, nilimkabidhi Wanu kwako kwa kuwa mwenyewe sikuweza kwenda. Mkwe wangu hakuwa akinyanyuka kitandani, na hakuwa na mtu mwingine. Nikasema akae kwa bibi yake wiki moja au mbili mpaka mji utulie. Alitaka kuchukua lile gauni la sikukuu, nikamkatalia, vumbi la lori litaliharibu. Akanuna. Nikamwambia, "Ukifika kona ya duka la kahawa, geuka unipungie mkono. Mimi nitakuwa dirishani."

Nikasimama dirishani. Nikawaona mnakwenda, mkono wake ndani ya mkono wako. Mkafika kona. Hakugeuka.

Halafu surua ikamwingia hukohuko, na njia zimefungwa, na niliposhika njia mimi nilikuta udongo bado mbichi. Wewe ukaenda zako Tanga kabla ya sikukuu. Sikukulaumu kwa ugonjwa, sikulaumu hata siku moja, na kama ndilo linalokuweka huko basi litoe moyoni. Linalonirudia mimi ni kuwa mwanangu aliondoka amekasirika kwa ajili ya gauni, na mimi sikumwita.

Ndiyo nikakata ile shibiri. Nilitaka kumwona mtoto akigeuka.

Dadako,
Kazija


Tanga, 8 Disemba 1968

Dada yangu Bi Kazija,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa Mama. Barua yako ya Agosti nimeipata, na ile fupi ya Oktoba ya kuniuliza kama nimo hai. Nimo. Tabia ameota jino na anamuuma mama yake. Kofia inamtosha sasa.

Nimeanza kukuandikia mara tano nikachana. Ramadhani imeingia kumi la katikati, na yeye alitutoka siku ya tisa ya mwezi huu. Nimeona mwezi usitoke sijakwambia.

Wanu alitaka kugeuka. Tulipofika kwenye duka la kahawa alianza kugeuza shingo, na nikaona uso wake umeshaanza kuharibika, unajua mdomo wake ulivyokuwa ukifanya kabla hajalia. Nilijua ukiuona uso ule utashuka ngazi uje umchukue. Na mimi nilikuwa nimeogopa, dada. Lori lilikuwa haliningoji. Nikamweka kiganja changu nyuma ya kichwa, nikamwambia, "Usigeuke. Mama atakuita urudi." Akasema, "Naam, mjomba." Akaangalia mbele.

Si hasira. Alinitii mimi.

Tulipopanda juu ya lori, kati ya magunia, akaniuliza kama ulikuwapo dirishani. Nikamwambia ulikuwapo, na ulipunga. Sikukuona, sikutazama, lakini nilijua upo. Basi akajigeuza. Nilimwambia akae vizuri, upepo utampiga machoni, akakataa. Alikaa kinyumenyume, mgongo kwa dereva, uso kwa mjini. Tukapita Mwera, tukapita minazi yote ile, mpaka tunaingia Kiwengwa bado amekaa vilevile. Mama alipomteremsha alimkuta vumbi limejaa upande wa mbele tu.

Ugonjwani alinitaja mimi na wewe, na gauni halikutajwa. Hayo mengine nitakusimulia kwa mdomo, ukitaka.

Uliponiandikia kuwa hunilaumu, ulinisamehe jambo lisilokuwa langu. Hili ndilo langu. Ningemwacha ageuke ungemwita, na labda angekuwa hai, na labda asingekuwa. Nimekaa na jambo hili katika chumba cha giza miaka mitano kasoro mwezi.

Nduguyo,
Msabah


Unguja, 2 Januari 1969

Mdogo wangu Msabah,

Marahaba. Sikukuu tumeila Kiwengwa, mimi na Mama, na mikate ya kumimina imetushinda kula. Mgongo umetulia. Kamatini nimeomba kupumzika, na Bwana Borafya amenikubalia akanipa kashata mbili.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilipomaliza akasema, "Vumbi nililiosha mimi. Lilikuwa mpaka ndani ya nyusi." Akaendelea na kamba yake. Alikuwa akilijua hilo siku zote, na sisi hatukumuuliza.

Na mimi nakwambia la kweli. Ningeuona uso ule ningeshuka ngazi. Ningemrudisha ndani, kisha usiku bunduki zilipoanza tena ningejilaumu kwa kumrudisha. Nimelipima kila upande, na upande wowote sikukuta pa kukuweka wewe. Basi usijiweke.

Gauni nimelitia vifungo. Tabia akifika miaka sita litamfaa, na likimbana tutafumua mbavuni, nimeacha kitambaa.

Njoo kabla ya mvua za masika, na mkeo, na huyo mwenye jino. Tutapanda gari ya Kiwengwa sote, utanionyesha namna alivyokaa.

Ndani ya bahasha hii utakuta ile shibiri. Najua filamu imeshakwenda kwa wenyewe na haitaungika tena. Kaa nayo wewe, chumbani kwako. Yule kageuka mara moja. Wangu aligeuka njia nzima.

Dadako,
Kazija